Aliyefungwa kwa kunajisi akitoka gerezani, ni nani hasa anamwangalia?

#1 Bandarini
Salamu wakuu. Naleta dai, mwenye hoja ya kulivunja alivunje.

Kenya ina Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ule mswada alioubeba bungeni Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule. Wengi wanaijua kwa adhabu zake: kunajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15 ni miaka 20 kwenda juu, wa 16 hadi 18 ni miaka 15 kwenda juu. Kifungu cha 39 wanakijua wachache. Hicho kinampa hakimu uwezo wa kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa ngono iwapo ana hatia zaidi ya moja ya aina hiyo, au kosa liliandamana na nguvu au vitisho, au aliyetendewa ni mtoto. Akishatangazwa, mahakama inaweza kuamuru kwamba akitoka awe chini ya uangalizi wa muda mrefu: programu ya kurekebishwa, asiguse pombe wala dawa za kulevya, asifike mahali fulani, asiombe kazi za aina fulani.

Kwa kuwa kosa dhidi ya mtoto peke yake linatosha, karibu kila aliyefungwa kwa kunajisi anaingia humo. Lakini zisome hukumu. Mwisho wake ni "miaka 20, una siku 14 za kukata rufaa", basi. Mbona amri ya uangalizi ni adimu hivyo?

#2 Mpwa_wa_Chifu
Hakimu ana foleni ya kesi hadi barazani. Jibu ndilo hilo, uzi ufungwe tukanywe chai.

#3 Wakili_Kilifi
Chai ingoje. Amri ile haiji yenyewe. Mahakama haiwezi kuitoa bila ripoti ya afisa wa probesheni (anayesimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela), afisa wa ustawi wa jamii au mtu mwingine iliyemteua, na ripoti lazima ioneshe kama mtu huyo anafaa kuangaliwa, uangalizi utamfaidi nini, na mpango wenyewe wa programu hatua kwa hatua.

Sasa tazama siku ya hukumu inavyokwenda. Mtu anapatikana na hatia. Kiongozi wa mashtaka anaulizwa rekodi ya zamani, anajibu "achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza". Mshtakiwa anaomba huruma, ana watoto, ana mama mgonjwa. Adhabu inasomwa palepale. Ripoti ya probesheni huitishwa pale hakimu anapokuwa na la kuamua, na hapa kiwango cha chini kimeshaamuliwa na sheria, kwa hiyo hakuna anayeona sababu ya kuahirisha wiki mbili au tatu kungoja karatasi. Adhabu kali ndiyo iliyoiua ripoti, na ripoti ikifa amri inakufa nayo.

Kati ya 2022 na 2024 mlango ulifunguka kidogo, kwa sababu Mahakama Kuu ya Machakos ilisema viwango hivyo vya lazima vinapingana na Katiba, na mahakimu wakaanza kutaka ripoti. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikavirudisha.

#4 Hesabu_Ndogo
Nakubaliana na #3 nusu. Hata amri ikitolewa kuna shimo jingine, na hilo ni la hesabu.

Uangalizi wa kifungu cha 39 umefungwa kwenye sehemu ya kifungo iliyobaki baada ya mtu kuachiliwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa punguzo la theluthi moja kwa kazi na tabia njema, isipokuwa wa maisha na wachache wengine. Miaka 20 inakuwa miaka 13 na miezi 4 ndani, inabaki miaka 6 na miezi 8 ya kuangaliwa nje. Kwenye karatasi si haba.

Ila wale wa maisha, yaani walionajisi watoto wadogo kabisa, punguzo hawana. Wanatoka kwa rufaa, kwa kuhukumiwa upya au kwa huruma ya Rais kupitia kamati yake. Anayehukumiwa upya mara nyingi anapewa miaka inayokaribiana na ile aliyokwisha kukaa, na muda wa rumande unahesabiwa chini ya kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Anatoka bila salio lolote, au na salio la miezi. Kwa hiyo mwenye kosa zito zaidi ndiye anayetoka bila kamba, na wa miaka 15 ana kamba ya miaka 5. Yeyote aliyeandika hivyo hakupiga hesabu.

#5 Mzee_wa_Kumi
Mbona mnasahau uangalizi wa polisi? Upo tangu zamani, kifungu cha 343 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo. Aliyetiwa hatiani tena kwa kosa lenye kifungo cha miaka 3 au zaidi anaweza kuwekwa chini ya polisi kwa muda usiozidi miaka 5 tangu siku ya kutoka. Anaambiwa akae wapi, anaripoti kituoni, akihama anatoa taarifa. Hauhitaji ripoti ya mtu yeyote.

#6 Wakili_Kilifi
Mzee, upo, lakini unamtaka aliyerudia. Wengi tunaowajadili hapa wanafungwa mara ya kwanza. Na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ataandika jina kitabuni, mtu atakuja Jumatatu atie sahihi, aondoke. Kutia sahihi Jumatatu hakukwambii Jumanne jioni amelala nyumba yenye watoto wangapi.

#7 Fito
Huo mstari wa mwisho ndio kazi yenyewe. Wengi hapa wanafikiri kumwangalia mtu ni kumhesabu. Nieleze inavyotakiwa kwenda, kisha niseme inapovunjikia.

Kazi inaanza kabla hajatoka, miezi kadhaa kabla. Gereza linaandika kwa ofisi ya probesheni ya mahali anakorudi, na afisa anakwenda nyumbani. Haangalii kama familia inampenda. Anahesabu watoto wa nyumba hiyo na za ua uleule, anauliza nani analala chumba gani, choo na bafu viko wapi, maji yanachotwa wapi na nani anatumwa kuyachota. Anapima njia ya shule na ya madrasa kwa miguu, kwa sababu ramani haioneshi kichochoro. Anakwenda kwa aliyetendewa, ambaye mara nyingi ni jirani au ndugu, kwani wengi wa watendaji ni watu wanaojulikana na mtoto. Hapo ndipo unagundua nyumba anayorudi iko mita hamsini kutoka kwa mtoto ambaye ushahidi wake ulimfunga, na ambaye sasa ni msichana wa miaka 20 mwenye mtoto wake.

Akitoka: miezi mitatu ya mwanzo anaonwa kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Katika kila ziara nne, mbili ziwe za ghafla, na moja ya hizo iwe jioni au Jumamosi. Maswali ni yaleyale, majibu yaandikwe kwa tarehe: kazi gani, kwa nani, nani kahamia nyumbani, ana laini ngapi za simu, nani mchumba mpya na ana watoto wa umri gani. Swali la mchumba ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo ningeweka la kwanza. Mwanamume wa namna hii akianza kuishi na mjane mwenye watoto watatu, masharti ya kutokaribia shule hayana maana tena.

Inapovunjikia ni pengine kabisa. Afisa hana gari wala mafuta. Naibu chifu, ambaye ndiye macho yake kijijini, ni binamu wa mwangaliwa. Mwangaliwa anahamia kaunti nyingine kutafuta kazi ya mjengo, faili linabaki huku, na ofisi ya huko haijui kwamba ana faili.

#8 Mpwa_wa_Chifu
Machifu tumekosa nini jamani? Chifu mwenyewe hapati nakala ya amri. Mtu anarudi kijijini, wazee wanamwambia chifu "kijana kamaliza, mpokee", naye anampokea. Ukimtaka awe macho mpe karatasi.

#9 Fito
Mpwa, karatasi ikimfikia, kijiji kizima kinajua kabla ya magharibi. Wiki ijayo mtu kachomewa nyumba, katoroka, na sasa hakuna anayejua alipo. Chifu anatakiwa ajue masharti mawili matatu ya kuangalia na namba ya kupiga, si kupewa faili lote.

#10 Leicester_Leo
Huku Uingereza hilo la nani ajue nini walilimaliza kwa sheria. Kuna mfumo unaitwa MAPPA, tangu sheria ya 2000, sasa uko chini ya Sheria ya Haki ya Jinai ya 2003. Polisi, magereza na probesheni wanalazimika kuwa pamoja, na idara za nyumba, afya, elimu na ustawi zina wajibu wa kushirikiana. Kila mtu ana ngazi: ya 1 idara moja inatosha, ya 2 vikao vya idara kadhaa, ya 3 wakubwa wanaokaa mezani wenye mamlaka ya kutoa fedha siku hiyohiyo. Na kila eneo lina raia wa kawaida walioteuliwa kukaa ndani ya bodi na kuuliza maswali ya kijinga, ambayo mara nyingi ndiyo ya maana.

Mtu anajiandikisha polisi ndani ya siku 3 za kutoka. Jina, anwani, pasipoti, akaunti za benki. Akilala nyumba yenye mtoto kwa saa 12 au zaidi, lazima aseme. Asiye na makao anaripoti kila wiki. Akikiuka, hadi miaka 5 jela. Hiyo ndiyo orodha, na hadi leo inafanya kazi.

#11 Bandarini
Na orodha hiyo iko wazi mtandaoni, siyo? Ndiyo maana wazazi wa huko wako macho.

#12 Leicester_Leo
Hapana, usichanganye na Marekani. Uingereza haichapishi. Mzazi mwenye wasiwasi na mtu fulani anayemkaribia mtoto wake anakwenda polisi kuuliza, na polisi wanaamua kama wamwambie na wamwambie nini, naye haruhusiwi kuisambaza. Walijaribu 2008 katika maeneo manne, kufikia 2011 England na Wales zote zilikuwa nao.

#13 Ohio_Mashariki
Huku tuliko sisi ndiyo inachapishwa, na mje mwone matokeo. Sheria ya shirikisho ya 2006 inagawa madaraja matatu: la kwanza miaka 15 na kuthibitisha anwani mara moja kwa mwaka, la pili miaka 25 kila miezi 6, la tatu maisha yote kila miezi 3. Picha, anwani, vyote mtandaoni.

Kisha majimbo yakaongeza umbali. Iowa ikasema mwenye kosa dhidi ya mtoto asiishi ndani ya futi 2,000 za shule au kituo cha watoto. Ukichora miduara hiyo kwenye ramani ya mji, mji unaisha. Watu wakaanza kulala kwenye magari, wengine wakaacha kuripoti kabisa. Mwaka 2006 waliosimama kuipinga walikuwa waendesha mashtaka wa kaunti za Iowa wenyewe, wakisema haimlindi mtoto na inawapotezea watu waliokuwa wakijua walipo. Mwaka 2009 wakailegeza. Miami walifikia mahali watu wanaishi chini ya daraja la Julia Tuttle, na maafisa wanakuja kuwahesabu pale.

#14 Kisu_Kikali
Mnazunguka sana. Wahasiwe, tumemaliza. Kaduna walipitisha 2020, Madagascar 2024. Sisi tunangoja nini?

#15 Bi_Dawa
Ndugu yangu Kisu, tutulie. Kuna kuhasi kwa kisu na kwa dawa. Kwa dawa, moja ya zinazotumika ni ileile Depo ya uzazi wa mpango unayoiona zahanati, kwa dozi kubwa zaidi na mara nyingi zaidi. Nyingine ni sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu inayozima homoni tokea kwenye ubongo. Zote zinafanya kazi kwa muda zinapodungwa tu. Akikosa sindano homoni inarudi, na mifupa inalika kwa matumizi ya muda mrefu, kwa hiyo lazima apimwe. Sasa jibu: nani atamdunga, zahanati gani, na dawa ikiisha stoo? Umerudi palepale kwenye swali la mleta uzi, nani anamwangalia. Na wapo wanaonajisi kwa mkono au kwa kifaa, wasioongozwa na homoni bali na hasira na mamlaka.

#16 Kisu_Kikali
Basi wale wa hasira wabaki ndani.

#17 Mwenge_Posta
Tanzania ndivyo tulivyoamua, wabaki ndani. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kubaka ni miaka 30 kwenda juu, na mtoto chini ya miaka 10 ni maisha. Punguzo la theluthi likihesabiwa, wa 30 anatoka baada ya 20. Na akitoka katoka. Punguzo si parole (kutoka mapema kwa masharti), halina masharti, hakuna anayekuja kubisha hodi. Kipo cha kuitwa Idara ya Huduma za Uangalizi chini ya Mambo ya Ndani, lakini inashughulika na vifungo vya nje na huduma kwa jamii, yaani wenye makosa madogo. Msamaha wa Rais kwa kawaida unawaacha nje watu hawa, ingawa ule wa 9 Desemba 2017, uliowatoa Babu Seya na mwanawe waliofungwa maisha kwa kubaka watoto, ulituonesha kwamba ibara ya 45 ya Katiba haifungwi na orodha ya mtu.

Tuna ukali wa mwanzo na ukimya wa mwisho. Wakenya angalau mna kifungu cha kulalamikia.

#18 Kampala_Kwetu
Uganda tulikaribia. Mei 2021 bunge lilipitisha mswada wa makosa ya ngono uliokuwa na rejista ya wakosaji ndani yake. Agosti Rais akakataa kutia sahihi, akarudisha. Rejista ikaenda na maji pamoja na mengine.

#19 Hesabu_Ndogo
Rejista Kenya tunayo, na haijatuokoa. Sheria inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze orodha ya waliotiwa hatiani, na mwenye sababu ya msingi aruhusiwe kuikagua. Tatizo la orodha yoyote ni kiungo. Kesi hizi nyingi zinaamuliwa na mahakimu, kutoka Garsen hadi Kapenguria. Karani asipopeleka, jina haliingii. Akipeleka "Juma Ali" bila namba ya kitambulisho na alama za vidole, umepata Juma Ali wangapi Pwani? Rufaa ikimwachilia, nani anafuta? Rejista yenye jina la aliyeshinda rufaa ni kesi ya fidia inayosubiri, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

#20 Mwl_Tana
Shule hazitumii hiyo. Zinatumia cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), shilingi 1,050 kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na kwa walimu kuna orodha ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu) ya waliofutwa, inayochapishwa gazeti rasmi. TSC inafuta kwa nidhamu, haingoji hatia ya mahakama, kwa hiyo inawanasa wengi zaidi. Lakini inamshika mwalimu aliyesajiliwa peke yake. Mpishi wa bweni, bawabu, kocha wa akademia ya mpira, kijana wa masomo ya ziada nyumbani, hawamo. Na bodaboda! Mzazi anampa mtu watoto watatu kila asubuhi, anachojua ni jina la utani na rangi ya pikipiki.

Sheria inamtaka aliyetiwa hatiani ajitaje mwenyewe anapoomba kazi ya kulea au kusimamia watoto, na kunyamaza ni kosa. Nani atajitaja kwa abiria wa bodaboda?

#21 Durban_Pwani
Afrika Kusini waliugeuza mzigo. Rejista ilianzishwa na sheria ya 2007, inatunzwa na Wizara ya Sheria, haiko wazi kwa umma. Mwajiri wa mtu atakayekaa na watoto ndiye anayelazimika kuomba uthibitisho, fomu namba 8. Tangu Julai 2022 imepanuliwa kugusa na watu wengine walio hatarini, si watoto na wenye ulemavu wa akili tu. Lakini kuna rejista ya pili, ya ulinzi wa mtoto, chini ya Ustawi wa Jamii, yenye fomu yake ya 30. Wizara mbili, foleni mbili, na shule ndogo inajaza moja ikidhani imemaliza.

#22 Mpwa_wa_Chifu
Mwl_Tana, bodaboda wana chama na mwenyekiti wa steji, kituo chao cha kungojea abiria. Mpe yeye fomu namba 8. 😄

#23 Mwl_Tana
Unacheka, lakini steji ndiyo mahali pekee panapomjua kila mwendeshaji. Sako (vyama vya akiba) za steji nyingi tayari hudai nakala ya kitambulisho kabla mgeni hajapewa nafasi. Kuongeza cheti cha DCI hapo ni rahisi kuliko kuwafuata wazazi.

#24 Fito
Cheti cha DCI kinaonesha yaliyorudishwa DCI. Alama zilichukuliwa alipokamatwa? Matokeo ya kesi yalirudishwa? Yasiporudi, cheti kinatoka safi na mwenye nacho anakitembeza kama baraka.

Turudi kwa nani aangaliwe sana na nani kidogo, maana maafisa hawatatosha. Nje hutumia kipimo cha Static-99R, maswali kumi: umri wa kutoka, makosa ya ngono ya awali, kama aliyetendewa si ndugu, kama ni mgeni kabisa kwake, kama ni wa kiume, na kadhalika. Umri mkubwa unashusha alama, makosa ya awali yanapandisha sana. Kwetu kina kasoro kubwa: kinategemea rekodi. Aliyesuluhishwa na wazee kwa mbuzi wawili mara mbili kabla ya kufika mahakamani anaandikwa hana historia. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kuacha kesi ni wa mashtaka ya serikali, si wa wazee, lakini shahidi asipokuja kesi inakufa yenyewe.

#25 Sista_Ontario
Salamu kutoka Hamilton. Hapa ndipo mwaka 1994 kikundi cha kanisa la Wamennonite kilipoanza kumzunguka mtu mmoja aliyetoka na ambaye hakuna aliyemtaka. Watu wanne hadi sita wa kujitolea, mmoja anaonana naye kila siku mwanzoni, na wote wanajua kosa lake lote, hakuna siri. Nyuma yao kuna wataalamu wa kuwashauri. Akianza kujificha, wao ndio wanaopiga simu polisi. Nchi yenye jumuiya ndogondogo, vikundi vya misikiti na nyumba kumi ingelifanya kwa gharama ndogo.

#26 Wakili_Kilifi
Sista, nyumba kumi zetu ndizo zilizopokea wale mbuzi wawili.

#27 Sista_Ontario
Ndiyo maana wanachaguliwa na kufundishwa, na jamaa zake hawaruhusiwi. Na jambo jingine mliloacha: hatari haikai palepale. Utafiti wa Hanson na wenzake unaonesha kwamba kila miaka mitano mtu anayokaa nje bila kosa jipya, hatari yake inapungua takriban nusu. Nguvu zimwagwe miaka ya mwanzo.

#28 Leicester_Leo
Ndiyo sababu huku aliyefungwa miezi 30 au zaidi anabaki kwenye orodha bila kikomo, lakini baada ya miaka 15 anaweza kuomba atolewe. Mahakama ya Juu ndiyo iliyolazimisha hilo mwaka 2010.

#29 Bandarini
Na vijana? Wa miaka 18 aliyekuwa na msichana wa 16, wote wamo chini ya kifungu kilekile cha kunajisi, na hapo kifungu cha 39 kinamwita hatari.

#30 Wakili_Kilifi
"Inaweza", si "lazima", kwa hiyo hakimu mwenye akili hatamtangaza. Mahakama ya Rufaa mwaka 2019 iliomba mjadala wa kitaifa juu ya umri wa ridhaa kwa sababu ya kesi za namna hiyo. Ila rejista ya Msajili haina "inaweza". Huyo kijana na aliyembaka mtoto wa miaka minne wanaandikwa ukurasa mmoja.

#31 Hesabu_Ndogo
Basi tuanze na dogo. Ombi la kutangazwa chini ya 39 liandikwe na kiongozi wa mashtaka mapema, na ripoti iitishwe siku ya uamuzi wa hatia kabla ya kusoma adhabu. Hakuna sheria mpya inayohitajika.

#32 Fito
Na nani atalipia nauli ya yule wa kupima njia ya madrasa? Andika hilo kwanza.

#33 Mzee_wa_Kumi
Wakili, hili hujanijibu: aliyehukumiwa upya bila salio, je, polisi wa 343 hawezi kuombwa hapo hapo kwenye hukumu mpya?

#34 Wakili_Kilifi
Kwa mwenye hatia ya zamani, naona yafaa iombwe. Kwa wa mara ya kwanza, sioni mlango. Mwenye hukumu iliyoujaribu ailete hapa.